Kutoka Kufia hadi Kufiwa: Historia ya Sanamu za Wazazi Waombolezao za Käthe Kollwitz, 1914–1932

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotokana na kufa ambavyo hutumika kila siku bila wasemaji kutambua ukaribu wao. Mtu aliyekufa kwa ajili ya jambo fulani husemwa kuwa amelifia: amefia dini, amefia nchi. Aliyeachwa nyuma naye husemwa kuwa amefiwa. Kiambishi cha kutendea ni kile kile. Kinachobadilika, baada ya kuongezwa kauli ya kutendwa, ni mtu anayekaa katika nafasi ya kiima. Katika kitenzi cha kwanza marehemu ndiye mtenda, na kifo chake kina shabaha. Katika kitenzi cha pili marehemu ametoka kwenye kiima na nafasi yake imechukuliwa na mfiwa.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba miaka kumi na minane aliyoichukua msanii wa Kijerumani Käthe Kollwitz kukamilisha ukumbusho wa mwanawe Peter ilikuwa safari kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha pili. Huenda msomaji akauliza sanamu za mawe zinatafuta nini katika jarida la uhakiki wa fasihi. Jibu letu ni kwamba historia ya sanamu hizi imehifadhiwa katika maandishi. Kollwitz aliandika shajara tangu 1908 hadi 1943, na humo tunaiona kazi ikiandikwa na kufutwa kama mswada. Baada ya kifo chake mwanawe mkubwa, Hans, alitoa sehemu teule za shajara hiyo mwaka 1948. Toleo kamili, lililohaririwa na mjukuu wake, halikupatikana hadi 1989. Aghalabu wahakiki wa kabla ya hapo walimsoma Kollwitz kama mama wa huzuni ya ulimwengu mzima. Shajara kamili inatulazimisha kuuliza swali gumu zaidi: huyu mama alijigundua kuwa nani?

Käthe Schmidt alizaliwa Königsberg mwaka 1867. Babu yake mzaa mama, Julius Rupp, alikuwa mhubiri aliyejitenga na kanisa la dola na kuanzisha jumuiya huru ya kidini, na fikra ya kwamba kipawa ni wajibu mtu anaodaiwa aliirithi katika nyumba hiyo. Mwaka 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, daktari aliyewatibu wafanyakazi katika mtaa wa Prenzlauer Berg, Berlin. Sifa yake ya kwanza ilitokana na fasihi: baada ya kuitazama tamthilia ya Gerhart Hauptmann kuhusu uasi wa wafumaji, mwaka 1893, alianza mfululizo wa picha za chapa juu ya uasi huo, akaukamilisha mwaka 1897. Uchongaji ulikuja baadaye, hasa baada ya kujifunza misingi yake mjini Paris mwaka 1904.

Kuna picha moja ya mwaka 1903 ambayo haikosi kutajwa katika kila makala kumhusu. Ni ya mwanamke aliyemkumbatia mtoto aliyekufa, na ili kuichora msanii alijitazama katika kioo akiwa amempakata Peter, wakati huo mwenye umri wa miaka saba. Wengi huiita picha ya utabiri. Sisi hatuafiki. Utabiri huondoa lawama, kwani lililotabiriwa halikuwa na budi kutokea. Kilichotokea mwaka 1914 hakikuandikwa popote. Kilitokana na uamuzi uliofanywa nyumbani, na Kollwitz mwenyewe aliuandika kwa uaminifu.

Vita vilipoanza Peter alikuwa matembezini Norwe pamoja na rafiki zake. Walirejea haraka ili wajitolee. Kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, hakuweza kuandikishwa bila idhini ya baba yake. Jioni ya tarehe 10 Agosti Karl alikataa. Alimwambia kijana kwamba nchi haijawahitaji bado watu wa rika lake. Kwa mujibu wa shajara, Peter alimgeukia mama yake akimwomba kwa macho, na mama akasimama akamwombea kwa baba. Karl akakubali. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba 1914 Peter aliuawa karibu na Diksmuide, Ubelgiji.

Hatuwezi kuzielewa sanamu bila kuurejea usiku ule wa Agosti. Ni rahisi kusema kwamba Ujerumani nzima ilikuwa imelewa vita, na kweli ilikuwa imelewa. Hata hivyo nyumba hii ilikuwa ya wanasoshalisti, watu waliojua dola hutumia vijana kwa shabaha gani, na baba alikuwa amekwisha kukataa. Neno lililoipindua kauli ya baba lilitoka kinywani mwa mama.

Mnamo Desemba 1, 1914, wiki chache tu baada ya msiba, Kollwitz aliandika mpango wa kwanza wa ukumbusho. Peter angelala amenyooka, baba akiwa kichwani na mama miguuni. Mahali alipopakusudia ni kilima cha Schildhorn kinachoutazama mto Havel, na kazi yote ingetukuza kujitoa kwa vijana waliojitolea. Huu ni mpango wa kufia. Marehemu yuko katikati, ndiye mhusika mkuu, na mwili wake ulionyooka ni hoja. Wazazi ni mashahidi wa pembeni. Isitoshe, mpango huu ulimsaidia mama kuishi na neno lake la Agosti: ikiwa kifo kilikuwa sadaka yenye maana, basi aliyeomba idhini hakukosea.

Sadaka ile ilianza kumponyoka. Kufikia mwaka 1916 shajara inamwonyesha akijiuliza kama vijana wa nchi zote, Ujerumani, Uingereza, Urusi, Ufaransa, hawakudanganywa, na moyo wao wa kujitoa ukatumiwa kuwachinja. Alijua gharama ya swali hilo. Kulikubali ni kumwacha Peter peke yake katika imani aliyoifia. Kulikataa ni kujidanganya. Kwa miaka kadhaa alikaa kati ya mambo hayo mawili, na sanamu nayo ikakaa hapo hapo. Oktoba 1918, mshairi Richard Dehmel alipowahimiza Wajerumani wote waliosalia wenye nguvu kujitokeza kupigana hadi mwisho, Kollwitz alimjibu hadharani katika gazeti la Vorwärts. Akiazima msemo wa Goethe alihitimisha kwamba mbegu ya kupanda haifai kusagwa unga. Mama aliyemwombea mmoja aende vitani sasa aliwakatalia wengine wasipelekwe.

Baada ya tamko hilo mpango wa awali haukuwezekana tena. Mwaka 1919, mwaka ule ule alipokuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sanaa ya Prussia, aliiacha kazi huku akijiahidi kuirudia. Wasomi kadhaa wanaliona hili kama kushindwa. Sisi twaona kwamba ndipo kazi ilipoanza kweli, kwani alihitaji kwanza kuzivunja ishara zake mwenyewe. Alizivunja kwa kutumia ubao. Mfululizo wake wa picha saba za kuchonga kwenye ubao, uitwao Vita (1921–1922), unaanza na mama aliye uchi anayemnyosha kitoto mikononi kana kwamba anamtoa madhabahuni. Jina la picha hiyo ni Das Opfer. Neno Opfer katika Kijerumani ni sadaka inayotolewa, na pia ni mtu aliyedhurika bila hiari yake. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana, maana neno letu mhanga lina ndimi hizo hizo mbili: kuna anayejitoa mhanga na kuna wahanga wa ajali. Katika picha ya pili Mauti anapiga ngoma huku vijana wakimfuata, na aliye karibu naye kabisa ni Peter. Utukufu wa 1914 umebaki na umbo lake la nje, ila sasa tunaona anayeuongoza ni nani.

Aliporudi kwenye ukumbusho, katikati ya miaka ya 1920, mwili wa kijana ulikuwa umeondolewa. Wamebaki baba na mama, wamepiga magoti. Juni 1926 yeye na Karl walilizuru kwa mara ya kwanza kaburi la Peter katika makaburi ya Roggevelde, na kuanzia hapo mahali pa sanamu palikuwa hapo. Wazo la kilima chenye mandhari ya mto lilikufa. Sura ya mama ni ya Käthe mwenyewe. Ya baba ni ya Karl, na ilimsumbua sana msanii kuipata.

Hatuna budi kukitazama kwa makini kilichochongwa. Wazazi hawagusani. Kila mmoja yuko juu ya jiwe lake, na kati yao pana nafasi tupu. Baba yuko wima juu ya magoti yake, amejikumbatia kwa mikono miwili kana kwamba akiiachia atavunjika. Mama ameinama mbele, kichwa chini, amejifunika. Wachongaji wengi wa makumbusho ya vita huwaunganisha wafiwa ili huzuni iwe na faraja ya kushirikiana. Hapa kila mmoja amefiwa peke yake, na tukikumbuka Agosti 10 tunaelewa kwa nini: mmoja alikataa, mwingine akaomba. Nafasi iliyo kati yao ni ya Peter, lakini pia ni ya mazungumzo yale. Kupiga magoti nako kuna maana zaidi ya kulia. Mtu hupiga magoti anapoomba msamaha. Wazazi hawa hawamwonyeshi mpita njia shujaa wao. Wamewageukia vijana waliolala mbele yao, na kizazi kilichoidhinisha kinajishusha mbele ya kizazi kilichotumwa.

Kwa msomaji wa Nairobi ulinganisho uko karibu, na unatokana na vita vile vile. Mwaka 1928, wakati Kollwitz akihangaika na sura ya baba, sanamu za shaba za askari na mpagazi zilisimamishwa katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Maandishi yake yanamwahidi askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja lililoandikwa pale. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na kumbukumbu yao ya kudumu zaidi pengine ni jina la mtaa wa Kariokor. Huu ni ukumbusho wa kufia katika hali yake safi kabisa, tena wa kufia nchi ambayo mwaka huo ilikuwa koloni ya mwingine. Ahadi yake inatembea kutoka kwa baba kwenda kwa wana. Kollwitz anaigeuza: wanaokumbuka ni wazazi, na wanachokumbuka kinajumuisha kosa lao. Hatusemi kwamba Stevenson hakuwa na ustadi. Watu wake watatu wamesimama kwa heshima. Ila sanamu yake haina mfiwa. Hakuna mama wa Kikamba wala wa Kiluo katika shaba ile, na aliyeiagiza hakuwa na haja naye.

Sanamu za jasi zilionyeshwa Berlin mwaka 1931. Kisha zikachongwa katika jiwe gumu la Ubelgiji na mafundi wawili, August Rhades akichonga mmoja na Fritz Diederich mwingine, na Julai 1932 zikasimamishwa Roggevelde. Katika shajara Kollwitz anaeleza jinsi alivyosimama mbele ya yule mama wa jiwe, akaiona sura yake mwenyewe, akalia na kumpapasa mashavu, Karl akiwa nyuma yake. Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama kilele cha huzuni. Tunapendelea kulisoma kama tukio la utambuzi. Mtu anayejipapasa mashavu yaliyochongwa amekubali hatimaye kuwa yule aliyepiga magoti ni yeye.

Miezi saba baadaye, Februari 1933, alilazimishwa kujiuzulu kutoka Akademia kwa kuwa alitia sahihi wito wa kuwataka wasoshalisti na wakomunisti kuungana dhidi ya Hitler. Mwaka 1942 mjukuu wake, aliyepewa jina la Peter, aliuawa Urusi. Käthe alifariki Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha.

Kuna jambo la mwisho linalohusu hatima ya sanamu za binafsi zinapochukuliwa na dola. Mnamo 1937 Kollwitz alianza kuumba sanamu ndogo ya mama mzee aliyempakata mwanawe maiti. Ilikuwa kazi ya mezani, ya kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1993 serikali ya Helmut Kohl iliiweka katika jengo la Neue Wache, Berlin, ikiwa imekuzwa mara kadhaa, iwe ukumbusho mkuu wa taifa kwa wahanga wa vita na utawala wa mabavu. Ubishi ulikuwa mkali, na ulistahili kuwa mkali. Neno lililoandikwa pale ni lile lile Opfer, na chini yake waliuawa na waliouawa wangeweza kukaa pamoja. Baada ya malalamiko, kibao kinachoyataja makundi ya waliouawa kiliongezwa mlangoni. Mama mfiwa aliyetumia miaka kumi na minane kujitoa katika utata wa neno hilo alirudishwa ndani yake na watu waliompenda.

Sanamu za wazazi zenyewe ziliepuka hatima hiyo kwa sababu hazikutengwa na makaburi. Katika miaka ya 1950 maiti za makaburi kadhaa ya Wajerumani zilikusanywa Vladslo, si mbali na hapo, ambako sasa wamezikwa askari zaidi ya 25,000, na baba na mama wakahamishwa pamoja nao. Jina la Peter Kollwitz limo katika bamba la jiwe lililolazwa ardhini mbele yao, bamba moja na majina ya wengine.