Saratani Iliyoiruka Unguja

Oktoba 1961, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliondoka na wenziwe Ted Williams na Cliff Nelson kwa Ford kuukuu, wakiwa na picha za watoto waliovimba taya. Kila hospitali waliuliza: mmeshamwona mtoto kama huyu? Baada ya wiki 10 na maili 10,000 hivi, ramani ikatoa ukanda wa saratani hiyo: nchi za joto, za mvua, za chini.

Unguja na Pemba zimo ndani ya ukanda huo, lakini ugonjwa ulikuwa haba. Nimetembea kutoka Shangani hadi Darajani na ramani hiyo kichwani. Joto lipo, masika ipo. Kwa damu nako, nani atamtenga mtoto wa Makunduchi na wa Bagamoyo, na majahazi yamevusha mababu zao karne nyingi?

Tofauti ilikuwa ukutani. Kuanzia 1958 hadi 1968 wapulizaji dawa walipita nyumba kwa nyumba. Mbu wa malaria akishashiba hutua ukutani kupumzika. Akikuta DDT, ndio mwisho wake. Malaria ikaanguka. Mtafiti Gilbert Dalldorf alikuwa ameshaihusisha malaria na uvimbe huu mwaka 1964, kwa alichokiona Kenya. Burkitt, ambaye awali alishuku kirusi kinachobebwa na wadudu, akageuza kauli 1969, na visiwa hivi vikawa sehemu ya hoja yake. Kirusi kipo kweli, cha Epstein-Barr, kilichoonekana London 1964 katika seli zilizokuzwa kutoka vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda. Ila karibu kila mtoto wa kwetu hukipata, na wengi mno hawaugui.

(Mimi hupunguza imani kidogo: visiwa vyenye watu wachache na madaktari wachache huweza kuonekana salama kwa sababu tu hakuna aliyeandika.)

Sasa njia ya malaria kwenda saratani inaingia kwenye damu yenyewe. Weka tone chini ya kioo, linyime oksijeni: seli za mwenye selimundu, hali ya kurithi ya damu, hujipinda. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha 1954 kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Utafiti wa kaskazini mwa Uganda, uliotoka 2017, ukakuta watoto wa aina hiyo wakipatwa mara chache zaidi na saratani ya Burkitt. Yaani kinachorithiwa hapa ni kinga dhidi ya malaria, na saratani hupungua kwa kupitia mlango huohuo.

Upulizaji ulipokoma, malaria ilirudi Unguja. Dawa mseto za 2003, kisha vyandarua na upulizaji wa 2006, vikaishusha tena, safari hii hadi chini ya asilimia 1 ya watu. Selimundu haikushuka na malaria. Mke na mume wa mitaa ya Ng'ambo au Malindi, kila mmoja akiwa ameirithi kwa mzazi mmoja, hawana tena malaria kubwa ya kukingwa nayo. Waliyobaki nayo ni bahati nasibu ya kila mimba, robo moja, kuzaa mtoto mwenye maradhi kamili.