Haki ya Kukomboa Mali Iliyonadiwa kwa Kodi

Deni la kodi lina tabia ya peke yake. Mdai mwingine humwendea hakimu kuomba msaada. Serikali ni mdai na mtunga sheria kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo, historia ya kodi ya nyumba na ardhi katika Uingereza na Marekani ni historia ya maswali mawili: mdai mwenye nguvu atwae kiasi gani, na mdaiwa aachiwe muda gani wa kukomboa mali yake?

Jibu la swali la kwanza ni la kale. Katika Magna Carta, hati ambayo Mfalme John alilazimishwa kuikubali mwaka wa 1215, iliandikwa kwamba mtu akifa hali anadaiwa na mfalme, maofisa washike katika mali yake kadiri ya deni, na kinachosalia waachiwe wasimamizi wa urithi. Jibu la swali la pili lilitokana na rahani. Kwa sheria ya zamani ya Kiingereza, aliyeweka shamba lake rahani alilipoteza lote siku ya kulipa ilipompita, hata deni likiwa dogo na shamba kubwa. Katika karne ya 17 Mahakama ya Chancery iliona dhuluma katika jambo hilo, ikampa mdaiwa haki ya kukomboa hata baada ya siku kupita. Walakini haki isiyo na mwisho nayo huzaa dhuluma: mkopeshaji angekaa na shamba asilojua kama ni lake. Basi akaruhusiwa kuiomba mahakama iweke siku ya mwisho; siku hiyo ikipita, mlango wa kukomboa hufungwa.

Mafundisho hayo yalivuka bahari yakaingia katika sheria za Marekani. Huko kodi ya nyumba ni nguzo ya shule na huduma za miji, wala hapana mji uwezao kuishi kwa ahadi za walipakodi. Kodi isipolipwa, mahali pengine nyumba yenyewe hunadiwa. Pengine kinachouzwa ni deni, na mnunuzi hungojea mwenye nyumba akomboe kwa riba. Katika New Jersey wanunuzi hushindana kuishusha riba hiyo kuanzia asilimia 18. Muda wa kukomboa ukiisha, mnunuzi huenda mahakamani kuifunga haki ya mwenye nyumba.

Haki hii hufaa kitu kwa yule tu ajuaye kwamba siku zake zinahesabiwa. Katika Little Rock, Arkansas, mtu mmoja alilipia rahani ya nyumba yake miaka 30, na kampuni ya rahani ikawa inamlipia kodi. Rahani ilipokwisha mwaka wa 1997, kodi haikulipwa tena. Barua za onyo zilirudi mikononi mwa serikali bila kusomwa. Nyumba ya dola 80,000 ikauzwa kwa dola 21,042. Mwaka wa 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali iliyoona barua yake imerudi haikuwa na ruhusa ya kunyamaza. Ilipaswa kutafuta njia nyingine ya kumjulisha.

Lilibaki swali la ziada. Mwaka wa 1956 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imewakatalia wamiliki wa New York, ambao mali yao iliuzwa kwa dola 7,000 kwa deni la maji la dola 65. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ya mji ule iliwapa njia ya kuidai ziada, nao hawakuifuata. Lakini Minnesota, kwa sheria ya mwaka wa 1935, haikuacha njia yoyote: muda wa kukomboa ukipita, jimbo lilichukua yote. Ndivyo ajuza mmoja wa Minneapolis alivyopoteza nyumba yake. Kodi ya dola 2,300 ilipanda kwa riba na adhabu hata ikafika 15,000. Nyumba ikauzwa kwa dola 40,000, na wilaya ikabaki na 25,000 zilizozidi. Katika kesi ya Tyler dhidi ya Wilaya ya Hennepin, tarehe 25 Mei 2023, majaji wote tisa walimpa haki. Jaji Mkuu John Roberts alirejea hadi Magna Carta, akaonyesha kwamba majimbo 36 yalikwisha kuagiza ziada irudishwe, na kwamba Minnesota yenyewe ilimtaka mkopeshaji wa kawaida airudishe. Serikali ilijiruhusu ilichomkataza raia.

Dawa ya deni ni kulipa, na deni lililolipwa halina haki ya kudai tena. Hata hivyo hukumu ile haikusema ziada ipimwe kwa bei ya mnada au kwa thamani halisi ya nyumba. Mnada wenye wanunuzi wachache huacha ziada ndogo, na anayepewa ziada ndogo amekwisha kupoteza kubwa. Kwa hiyo muda wa kukomboa na barua inayomfikia mwenyewe haujapungukiwa na kazi: kinachookolewa kabla ya nyundo ya mnada kushuka ni nyumba, na kinachorudishwa baadaye ni fedha tu.