Sharubati ya Ziwani: Historia ya Jagi la Harusi Mwanza

Baada ya Idi harusi hufuatana, na bi harusi akishamaliza habari ya nguo na hina, swali linalobaki ni la vinywaji: wageni tuwape nini? Safari hii sitawapeleka Forodhani wala Mombasa. Twendeni Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, maana kule swali hili lina uzito ambao sisi wa visiwani huusahau. Kwetu jagi la sharubati mezani halimshangazi mtu. Kule bi harusi Mwislamu anaweza kuwa na mjomba Mkristo, bibi aliyelelewa katika mila za Kisukuma, na majirani ambao kwao sherehe bila pombe haijaitwa sherehe. Wote hao ni wageni wake, na wote wanapaswa kutoka wameshiba na kuburudika.

Neno sharubati limesafiri kuliko sisi. Asili yake ni Kiarabu, shariba, yaani kunywa. Waajemi na Waturuki walilichukua, Waitaliano wakapata sorbetto yao hapo. Kwetu Unguja, Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alipochapisha kumbukumbu zake kule Ujerumani mwaka 1886, aliitaja sharubati miongoni mwa vinywaji vya nyumba ya baba yake. Kwa hiyo tuna haki ya kujivunia. Ila tukisema kwamba watu wa bara walikuwa hawajui kinywaji kitamu mpaka tulipowapelekea sisi, hapo tunawadhulumu.

Ni kweli kwamba mengi yaliyomo ndani ya jagi yalikwenda na misafara. Embe asili yake ni Bara Hindi, na watu wa pwani walipanda miembe kando ya njia ya misafara, Tabora na Ujiji. Kutoka Tabora njia nyingine ilipanda kaskazini hadi ziwani. Ndiyo aliyoifuata Speke, akafika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, huku mwenzake Burton amebaki Tabora kwa wenyeji wao wa Kiarabu. Stanley alipopiga kambi Kageyi mwaka 1875, karibu na Mwanza ya leo, alimkuta huko mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Songoro, ambaye alikuwa akiunda jahazi lake. Nanasi, papai na pesheni vilitoka mbali zaidi, Amerika ya Kati na ya Kusini, vikapita mikono mingi kabla ya kuota kwetu.

Lakini ng'ambo ya ziwa, Buganda, watu walikuwa na juisi yao kabla ya msafara wowote. Waganda huiita omubisi. Ndizi mbivu za aina maalumu hukamuliwa kwa majani makavu mpaka zitoe maji mazito matamu, kisha yakachujwa na kuongezwa maji. Hapo ni juisi safi. Ukitaka pombe, unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika, unaacha usiku upite. Bukoba, upande wetu wa Tanzania, ndizi hukamuliwa vivyo hivyo. Na wale wa mtama na ulezi wana togwa, uji uliotiwa kimea, ambao ukinywewa mapema ni mtamu na hauleweshi, ukichelewa unageuka.

Sasa fikirini Uislamu ulipofika huko. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara wa Kiarabu, alifika ikulu ya Buganda karibu mwaka 1844, na Kabaka Mutesa I akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka 1867. Mtu anayesilimu katika nchi ya ndizi hakulazimika kutupa kinu, kata wala ujuzi wa mama yake. Alitakiwa kuacha ule unga wa mtama na ule usiku mmoja. Kwa maoni yangu hii ndiyo habari kubwa kuliko miembe yote ya Tabora: kazi ya mikono ya wanawake ilibaki ileile, ikasimamishwa hatua moja kabla.

Na hatua hiyo ina mizizi katika dini yetu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akilowekewa zabibu, akanywa siku ile, na ya pili, hadi jioni ya tatu, kilichobaki baada ya hapo kikanywewa na wengine au kikamwagwa. Hawakuwa na friji Madina, walihesabu siku. Mama wa Mwanza anayechemsha maganda ya nanasi kwenye joto la Oktoba naye anahesabu, maana nanasi halina subira.

Utamu wa kisasa uliletwa na reli na meli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuzunguka bandari za ziwa. Reli ya Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Wakati huohuo sukari ikaanza kutengenezwa karibu: Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafungua cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Maduka ya Wahindi yaliuza sukari, na majikoni mwao mlikuwa na iliki, arki ya waridi na zile mbegu za tukmaria zinazovimba kwenye maji. Jirani akimtembelea jirani siku ya Idi, mapishi huhama. Hayahitaji pasipoti.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, kiwanda cha sukari cha huko kilikuwa miongoni mwa vilivyoporwa. Mwanzo wa miaka ya 1980 sukari ilikuwa ya foleni nchi nzima, na aliyekutwa ameificha aliitwa mhujumu uchumi. Wazee wanaokumbuka watakwambieni harusi za siku zile zilivyokuwa: sukari guru au asali ya Tabora, na matunda yaliyoiva sana ili yajitosheleze. Bidhaa ziliporudi madukani, kreti za soda zikashika nafasi, na baadaye unga wa pakiti wenye rangi kuliko tunda lenyewe. Simlaumu mtu, soda haina kazi. Ila mkwe hakusifii kwa kufungua chupa.

Matunda Mwanza hayana shida. Machungwa huja na meli kutoka Ukerewe (nao ni kisiwa, tusijisifu peke yetu), mananasi hutoka Geita. Zamani yalisubiri kivuko pale Kigongo–Busisi. Tangu 2025 yanapita juu ya daraja.

Kwa wageni ishirini hivi: mananasi mawili makubwa, maembe sita, machungwa kumi, pesheni kumi na tano, ndimu tatu, tangawizi mbichi kidole kimoja. Osha maganda ya nanasi vizuri, yachemshe na tangawizi, iliki na vikombe viwili vya sukari katika lita mbili za maji kwa dakika ishirini, chuja, acha yapoe kabisa. Usiyatie matunda kwenye maji ya moto, utaua harufu. Saga nanasi na embe kwenye blenda, chuja kwa chujio pana ili ubaki uzito kidogo. Pesheni usizisage kwa nguvu, mbegu zikivunjika huleta uchungu. Kamua machungwa na ndimu mwishoni. Changanya vyote, ongeza maji baridi lita mbili au tatu, onja, kisha matone machache ya arki ya waridi na kijiko cha tukmaria iliyolowekwa. Barafu itie kwenye glasi, si kwenye jagi, isije ikaifanya maji.

Anza kuwapa wazee wa upande wa bwana harusi, halafu wa kwenu, watoto mwisho, maana wao watarudi tu. Itengeneze asubuhi ya siku yenyewe. Ikibaki, iweke kwenye friji, na kesho yake ionje kabla ya kumpa mtu. Ikiwa imetoa povu au inawasha ulimi, mwaga.