Villa Medici
Villa Medici ni jumba la kifahari lililo kwenye kilima cha Pincio mjini Roma, Italia, ambalo Kardinali Ferdinando de' Medici alilinunua mwaka 1576 na kulipamba kwa sanamu za kale, na ambalo tangu 1803, kwa uamuzi wa Napoleon Bonaparte, ni makao ya Akademia ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1666. Humo waliishi washindi wa Prix de Rome, yaani shindano lililowapa wasanii chipukizi wa Ufaransa posho na malazi, akiwemo mtunzi wa muziki Claude Debussy, ambaye, ajabu ni kwamba, hakuyapenda kabisa maisha ya hapo. Shindano hilo lilifutwa mwaka 1968, na sasa wakazi, wakiwemo waandishi na wanahistoria wa sanaa, huteuliwa kutokana na maombi yao.