Saa Sikivu na Ishara ya Wakati

Saa inayojirekebisha kwa kupokea mawimbi ya redio imepewa majina mawili yasiyoifaa. La kwanza, saa ya atomi, ni kosa la maana, kwa kuwa saa za atomi zenyewe ziko kwenye kituo cha kurushia mawimbi, kama kile cha DCF77 huko Mainflingen, Ujerumani, ilhali ya ukutani huendeshwa na fuwele ya kwatsi tu. La pili, saa inayodhibitiwa kwa redio, ni maelezo ya kamusi yaliyovishwa joho la istilahi, na wanaolitetea vikaoni hawajamfikiria fundi atakayelitamka kutwa nzima.

Jina stahiki ni saa sikivu. Kivumishi -sikivu hutokana na kitenzi sikia, kikaongezewa tamati -vu inayojenga sifa ya kudumu, kama katika -tulivu na -vumilivu. Na mtoto msikivu kwa Waswahili si mwenye masikio mazima tu, bali ni yule asikiaye akatii. Kusikia na kutii ndizo hasa kazi mbili za chombo hiki, ambacho hupokea ishara kisha kikaisogeza mishale yake. Wanaodai kwamba usikivu ni sifa ya wenye uhai pekee ndio hao hao waandikao simu janja bila kusita.

Ishara yenyewe nayo iitwe ishara ya wakati, wala si ishara ya muda. DCF77, kirushacho kwa kilohezi 77.5, hupunguza nguvu ya wimbi mwanzoni mwa kila sekunde, kwa sekunde 0.1 kumaanisha sifuri au 0.2 kumaanisha moja, isipokuwa sekunde ya mwisho ya dakika, iachwayo bila alama ili dakika mpya itambulike. Muda wa mpunguo huo ni herufi tu; ujumbe unaoandikwa kwayo ni wakati, yaani saa, dakika na tarehe, na kuyachanganya haya mawili ni kuuharibu utaratibu mzima.

Kwa wajaribuji wa nyumbani, ufito wa feriti uliozungushiwa waya, ambao ndio antena ya saa, uelekezwe kituoni kwa ubavu, mbali na televisheni. Upeo wa DCF77 ni takriban kilomita 2,000, hivyo saa inayokitegemea kituo hicho ikifika Mombasa hubaki na fuwele yake tu, na mnunuzi aliyeahidiwa saa ya atomi huwa amepotoshwa, ilhali jina la saa sikivu lingemtanabahisha aulize kwanza ni kituo gani kitakachosikilizwa.