Kampala Baada ya Kikao: Lugha ya Mchana na Lugha ya Usiku

Katika mikutano yote tuliyowahi kuihudhuria, kumbukumbu huishia pale mwenyekiti anapofunga kikao. Yafuatayo baada ya hapo, yaani wajumbe kuulizana kinywaji kizuri kinapatikana wapi, dansi linapigwa mtaa gani, na kesho asubuhi watembee kutazama nini, hayaingii katika daftari la katibu. Kwa mtafiti wa historia ya lugha hiyo ni hasara, na hapana mji uliotuonyesha hasara hiyo waziwazi kama Kampala.

Mwezi Juni 1962, miezi minne kabla ya Uganda kujitawala, waandishi wa Kiafrika walikutana katika Chuo cha Makerere. Kutoka Nigeria walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark; kutoka Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane; Kenya iliwakilishwa na Grace Ogot na Rebecca Njau miongoni mwa wengine, na kutoka Marekani alikuja mshairi Langston Hughes. Kijana mmoja mwanafunzi wa hapo hapo, James Ngugi, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alitumia fursa hiyo kumwonyesha Achebe mswada wake wa riwaya. Gharama zilibebwa na shirika la Congress for Cultural Freedom lililokuwa na makao yake Paris, na miaka michache baadaye ikafichuka kwamba fedha za shirika hilo zilitoka kwa wapelelezi wa Marekani.

Mkutano huo uliitwa wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza, na jina hilo ndilo lililokuwa mlango na kufuli. Mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili tatu aliingia. Shaaban Robert, aliyekwisha kutupa Kusadikika tangu 1951, hakuwa na sifa. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulikiri jambo hili kwa uchungu katika kitabu chake cha 1986. Sisi tunaongeza moja tu: Shaaban Robert alifariki dunia mwezi huo huo wa Juni 1962. Wakati Makerere wanajadili fasihi ya Kiafrika ni ipi, mwandishi mkubwa kupita wote wa Afrika ya Mashariki alikuwa anaiaga dunia, na jina lake halikuwa katika orodha ya walioalikwa.

Sasa na tushuke kilimani. Makerere ni kilima, na ukiteremka upande mmoja unaangukia Wandegeya, upande mwingine Nakulabye. Mwendo wenyewe hauzidi wa kumaliza sigara moja. Katika miaka hiyo ya 1960 Nakulabye ilikuwa na klabu ya Suzana, na Mengo, karibu na jumba la Kabaka, ilikuwa na New Life. Watu wa makamo wa Kampala bado huzitaja kwa sauti ya mtu anayemtaja mchumba wa zamani. Bendi zilipiga rumba ya Kongo, nyimbo za Kilingala zikichanganyika na za Kiswahili, na santuri zilizotengenezwa Nairobi zilisikika Uganda kama zilivyosikika Mombasa na Tanganyika. Kiingereza kilikuwa lugha ya ukumbini. Mjaluo, Mkongo, Mnubi na Mnyarwanda waliokutana mezani usiku walizungumza lugha nyingine, nayo aghalabu ilikuwa Kiswahili, kibovu au kizuri.

Vinywaji navyo vina historia yao. Mgeni kutoka Tanzania akisikia mtu anaulizia mwenge hudhani pana mbio za Mwenge wa Uhuru, ule uliowashwa juu ya Kilimanjaro Desemba 1961. La hasha! Kwa Waganda mwenge ni pombe, hasa ile ya ndizi. Maji ya ndizi yasiyochachushwa huitwa mubisi, na hapa mwalimu wa sarufi hahitaji kamusi, kwani -bisi ya Kiganda ndiyo -bichi yetu. Malwa, pombe ya ulezi, hunywewa kwa mirija mirefu, wanywaji wakiuzunguka mtungi mmoja unaoongezwa maji ya moto, na mazungumzo hayakatiki. (Sisi tulikaa pembeni na mubisi wetu, wala hapana aliyetucheka.) Ama waragi, jina lake lina nasaba na araki ya Waarabu, na husimuliwa kwamba lililetwa na askari wa Kinubi waliotoka Sudani mwishoni mwa karne ya 19. Mikataba ya Brussels ya 1890 na Saint-Germain ya 1919 ilikusudia kumzuia Mwafrika asipate pombe kali, mikataba iliyoafikiwa katika mikutano ambayo wajumbe wake, twaamini, hawakulala na kiu. Basi waragi ikapikwa vichakani kwa miongo mingi, hata katikati ya miaka ya 1960 serikali huru ilipotunga sheria ya leseni na waragi ikaanza kutiwa chupani kwa fahari.

Mjumbe mwenye asubuhi moja tu ya kutembea na aende Kasubi. Jumba la nyasi alilojenga Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882, na akazikwa humo 1884, liliteketea kwa moto Machi 2010, likajengwa upya. Muteesa huyo alijua Kiswahili. Stanley alipomtembelea mwaka 1875 alimwachia kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, awe mwandishi na mfasiri wake. Na wamisionari wa kwanza walioingia 1877 walianza kufundisha kwa vitabu vya Kiswahili. Kwa hiyo lugha yetu ilikaa barazani kwa Kabaka kabla ya Kiingereza kujua njia ya kufika. Ndiyo maana inashangaza kwamba mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mjukuu wa Muteesa, aliandika kupinga Kiswahili kisifanywe lugha rasmi. Lakini tusiharakishe kumlaumu. Aliogopa kwamba Buganda ingemezwa pamoja na lugha yake, na makoloni ya jirani yenye walowezi hayakumpa sababu ya kutulia.

Hofu hiyo haikuisha. Ilipata sababu mpya. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 1975 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Kampala, na kwa ajili yao ikajengwa hoteli ya Nile Mansions. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia, na Jenerali Gowon wa Nigeria akapinduliwa akiwa huko huko mkutanoni. Wageni walipoondoka, vyumba vya hoteli hiyo vikaja kutumiwa kutesea raia. Leo ni hoteli ya kitalii tena. Usiku wa Kampala ukawa wa vizuizi vya barabarani, na lugha ya vizuizi ilikuwa Kiswahili. Mapema katika miaka ya 1980, chini ya serikali iliyofuata, maneno mawili yasiyo na kosa lolote, panda gari, yalikuwa jina la misako ya askari, na wengi waliopandishwa hawakurudi. Ni mwalimu gani awezaye kuifuta maana hiyo ubaoni?

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Haya yote tuliyasikia ukumbini, katika mkutano wa walimu, tukayapigia makofi. Jioni tuliteremka Wandegeya kula chapati iliyoviringishiwa mayai, na tukaagiza kwa Kiswahili chetu cha darasani. Mzee aliyekaa benchi lile lile alitusikiliza kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, kwa Kiswahili kisichokuwa na kasoro, kama sisi tulikuwa askari. Tulimjibu kwamba tu walimu. Akasogea, akatupisha nafasi, akamwambia kijana wa chapati atuongezee chai.