Bunduki za Biashara na Mhuri wa Fundi

MAFUNZO YA WATU WAZIMA KWA REDIO – SOMO LA HISTORIA

Ninyi mliokusanyika katika madarasa ya watu wazima huko Mlola, na ninyi wa Mlalo, Mtae, Lushoto na popote mlipo, karibuni katika somo la leo. Wenye madaftari wayafungue. Asiyeandika na asikilize kwa makini, kwani mwishoni yako maswali ya kuzungumza.

Somo letu linahusu bunduki zilizoletwa katika milima yetu katika karne ya 19, yaani zile tunazoziita gobori. Si nia yangu kusifu silaha. Nataka tutazame ufundi uliokuwa ndani yake, kisha tujiulize swali moja: kwa nini miji iliyokuwa na mafundi hodari kabisa wa bunduki ilituletea bunduki duni?

Chuma cha karibu

Tuanze na chuma cha huku kwetu. Jirani zetu wa Upare walikuwa na wafua chuma mashuhuri, hasa ukoo wa Washana wa Ugweno. Kwa kawaida mhunzi wa kale aliishi mahali ambapo watu walimjua. Jembe likipinda siku ya kwanza shambani, mwenye jembe alijua njia ya kwenda kwa aliyelifua, na habari zake zilienea sokoni kabla ya jua kuchwa. Mhunzi hakuwa na mhuri wala cheti. Mhuri wake ulikuwa jina lake.

Hata masimulizi ya Washambaa juu ya Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ungulu akawa mtawala wa milima hii, yanataja mikuki na mbwa. Hayataji bunduki. Bunduki ilikuja baadaye, nayo ilitoka mbali.

Bunduki zafika Usambara

Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Siku zile Zumbe alikuwa Kimweri ye Nyumbai, ambaye utawala wake ulienea toka milimani mpaka karibu na pwani. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Vuga. Burton aliandika kwamba Kimweri alikuwa na askari wa bunduki, naye aliwaita Waingereza wake. Basi twaona kwamba bunduki ilikwisha kuwa alama ya ukubwa.

Kimweri alikufa mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu alitawazwa Vuga, lakini Semboja, mwana wa Kimweri, hakuridhika. Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda bara. Huko alipata bunduki na baruti kwa biashara ya pembe na ya watumwa. Vita vikazuka, Vuga ikachomwa moto, na watu wengi wakakamatwa na kuuzwa. Ndugu zangu, hapo tuangalie vizuri. Mali iliyolipia bunduki hizo ilikuwa pamoja na binadamu. Je, bunduki yenyewe ilikuwa ya namna gani?

Zilikotoka

Miji miwili ya Ulaya ilijulikana sana kwa bunduki za biashara: Birmingham katika Uingereza na Liège katika Ubelgiji. Huko bunduki haikutengenezwa na mtu mmoja. Mmoja alifua kasiba, yaani mtutu. Mwingine alichonga kitako. Mwingine alisaga mtambo kwa tupa. Mitambo mingi ya Birmingham ilitoka katika miji midogo ya jirani, kama Darlaston na Wednesbury. Kila fundi alilipwa kwa kipande alichofanya. Mfanya biashara akishusha bei, fundi hakuwa na njia ila kupunguza muda wa kazi au kutumia chuma hafifu.

Katika miaka ya 1760 bwana mkubwa mmoja wa Kiingereza, Lord Shelburne, aliizuru Birmingham. Akaeleza kwamba bunduki zilizopelekwa Afrika ziliuzwa kwa bei ndogo mno, na kwamba zaidi ya nusu yake zingempasukia mtu wa kwanza kuzipiga. Wakati ule zilikwenda zaidi Afrika ya Magharibi, kununua watumwa.

Lakini mji uo huo wa Birmingham ulitengeneza pia bunduki za jeshi la Kiingereza. Hizo zilikaguliwa na wakaguzi wa serikali: kasiba ilitazamwa, mtambo ulitazamwa, na kipande kibovu kilirudishwa. Mji ulikuwa ule ule, na tupa na nyundo zilikuwa zile zile. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ufundi ulikuwa umepotea. Tofauti ilikuwa kwa mnunuzi: serikali ilikuwa na uwezo wa kukataa, na mtu wa Afrika hakuwa nao.

Mhuri wa majaribio

Baadaye sheria zilikuja. Katika Liège amri ya mwaka 1810, wakati wa Napoleon, ililazimisha kasiba zijaribiwe. Katika Birmingham Nyumba ya Majaribio ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, nayo hata leo inafanya kazi. London walikuwa wametangulia, kwa kuwa chama cha mafundi wa bunduki cha huko kilipata hati yake mwaka 1637.

Majaribio yenyewe ni rahisi kueleza. Kasiba hushindiliwa baruti nyingi kupita kiasi cha kawaida, pamoja na risasi, kisha hufyatuliwa mtu akiwa mbali. Ikipasuka au ikifanya ufa, hutupwa. Ikisimama imara, hukaguliwa na kugongwa mhuri. Mhuri wa Liège una herufi E, L na G.

Angalieni lakini maana ya mhuri huo. Wasema kwamba siku ile kasiba haikupasuka. Hausemi kwamba mtambo utadumu, wala kwamba jiwe la gumegume litatoa cheche wakati wa mvua. Aliyeuziwa bunduki yenye mhuri aliweza kudhani amenunua kitu kizuri, kumbe amenunua kasiba nzima tu.

Bunduki zilizochakaa

Jambo jingine likaongezeka. Mnamo mwaka 1866 Uingereza na Ufaransa zilianza kuwapa askari wao bunduki za kujaza kwa nyuma. Majeshi ya Ulaya yakawa na maghala ya bunduki za zamani zisizotakiwa tena. Nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikatengenezwa kidogo na kusafirishwa, na nyingine zilifika Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kutoka pwani hii.

Mwaka 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulizuia bunduki mpya zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ili kupunguza vita vya watumwa. Lakini uliruhusu gumegume na baruti ya kawaida. Hivyo bunduki ambayo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameiacha karibu miaka hamsini nyuma iliendelea kuwa bidhaa halali ya kuuzwa huku. Watu wetu husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bunduki hizi zilitembea safari ndefu kweli.

Bastola nazo

Wengine watasema kwamba hayo ni ya gobori tu. Sivyo. Tutazame bastola yenye silinda inayozunguka. Mmarekani Samuel Colt alifungua kiwanda London mwaka 1853, akaonyesha jinsi mashine inavyoweza kutoa vipande vinavyofanana. Hata hivyo mkono wa fundi ulitakiwa bado. Katika bastola ya namna hii kila tundu la silinda lazima lisimame sawasawa na kasiba wakati nyundo inapoanguka. Likikosea hata kidogo, risasi hukwaruzwa na vipande vya risasi hurushwa pembeni.

Kampuni ya Webley ya Birmingham ilitoa bastola fupi iitwayo Bull Dog mwaka 1872. Punde si punde karakana nyingi za Liège na kwingineko ziliiiga. Nyingine zilikuwa nzuri, nyingine zilikuwa za chuma laini na mtambo unaolegea upesi. Hata mbovu ziliweza kuwa na mhuri ule ule wa E, L na G, kwa kuwa mhuri ulipima nguvu, haukupima ufundi.

Tujifunze nini?

Ubora wa kitu haulindwi na sifa ya mji kilikotoka, wala na mashine peke yake. Hulindwa na mtu mwenye uwezo wa kukikataa. Jembe la mhunzi wa jirani lilikaguliwa na jirani, na bunduki ya jeshi ilikaguliwa na serikali. Bunduki ya biashara haikukaguliwa na yule ambaye vidole vyake vingekatika ikipasuka.

Nchi yetu ilipounda Shirika la Viwango Tanzania kwa sheria ya mwaka 1975, ilijaribu kuziba pengo hilo hilo, ili mnunuzi wa Mlola awe na mtu wa kukataa kwa niaba yake. Lakini alama ya shirika lolote ina maana yake maalum, nayo yatupasa kuijua. Unaponunua bomba la kunyunyizia dawa ya mboga, uliza alama yake yathibitisha nini, kisha litazame kwa macho yako mwenyewe, na uweke risiti.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini Birmingham iliweza kutengeneza bunduki nzuri na mbovu wakati mmoja?
2. Mhuri wa majaribio ulithibitisha nini, na haukuthibitisha nini?
3. Mkataba wa mwaka 1890 ulizuia nini, na uliruhusu nini? Nani alipata faida?
4. Taja kitu kimoja mlichonunua mwaka huu kikaharibika upesi. Je, mlikuwa na njia gani ya kukikataa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.